Dishi la 0.6 au la 1.2? Kabla hujalipia, tazama na mgongo wake

Msomaji ameniuliza hivi: "Mkuu, tunaunganisha ofisi mbili kwa linki ya maikrowevu ya leseni, umbali km 14, tumepangiwa masafa ya 18 GHz. Upande mmoja tuna mnara wa chuma, upande wa pili ni mlingoti tu juu ya paa. Muuzaji anasema dishi la m 0.6 kila upande linatosha. Jamaa yangu aliyewahi kupanda minara anasema weka 1.2 kote, kubwa ni kubwa. Alafu fomu ya leseni imerudishwa, wanataka tujaze klasi ya antena, na muuzaji mwenyewe hajui hiyo klasi ndio nini. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, msikilize aliyerudisha fomu, yani mdhibiti wa masafa. Najua anaonekana kama anakuchelewesha tu, ila kati ya hao watatu yeye peke yake ndio ameuliza habari za antena, hao wawili wameongelea upana wa sahani. Upana una kazi yake na tutaufikia, lakini kwenye masafa ya leseni unanunua vitu viwili kwa mpigo, uwezo wa dishi kusikia mbele na uwezo wake wa kuwa kiziwi pembeni na nyuma, na hicho cha pili ndicho kinachosahaulika mpaka siku linki inaanza kukatika na hakuna anayejua kwanini.

Ila tuanze na mbele maana ndiko kila mtu anakokimbilia. Geini ya dishi, yani linavyokusanya nguvu kuelekea mbele, unaipata hata kwa kikokotoo cha simu: chukua 17.8, jumlisha 20 log ya kipenyo kwa mita, jumlisha 20 log ya masafa kwa GHz. Kwa 18 GHz dishi la 0.6 linakupa kama dBi 38.5 na la 1.2 linakupa 44.5 (dB ni kipimo cha nguvu kupanda au kushuka, kila dB 10 ni mara kumi), yani ukizidisha kipenyo mara mbili unaongeza dB 6, kila upande. Ukibadilisha pande zote mbili ni dB 12. Hapo ndipo jamaa yako anapopata nguvu ya kusema kubwa ni kubwa, na kwenye karatasi hajakosea.

Sasa weka linki yako kwenye hiyo hesabu. Km 14 kwa 18 GHz, mawimbi yanapotea hewani kama dB 140.5, ongeza kama dB moja na nusu ya unyevu na gesi. Tuseme redio yako inatoa dBm 18 (dBm ni nguvu yenyewe ikilinganishwa na miliwati moja, ikiwa hasi basi iliyo karibu na sifuri ndio kubwa). Ukiwa na 0.6 pande zote unapokea kama dBm -47, ukiwa na 1.2 pande zote unapokea kama -35. Redio nyingi za chaneli ya MHz 56 zikishuka mpaka modulesheni ya chini kabisa (modulesheni ni jinsi redio inavyopakia data kwenye mawimbi, ya juu ina kasi ila inataka mawimbi safi) bado zinashika kwenye -85 hivi (angalia datashiti ya redio yako usichukue namba yangu), kwa hiyo akiba yako ya kufifia, yani dB unazoweza kupoteza kabla linki haijakata, ni kama dB 38 kwa madishi madogo na 50 kwa makubwa. Siku ya jua kali zote mbili zinapendeza, hata hiyo ndogo itakimbia kwa modulesheni ya juu bila shida, na ndio maana muuzaji anasema inatosha, yeye anaangalia siku ya jua.

Adui wa 18 GHz ni mvua. Na mvua haihesabiwi kwa mwaka mzima imenyesha milimita ngapi, inahesabiwa kwa ukali wa ile mvua kubwa kabisa, ile inayopitwa kwa asilimia 0.01 tu ya muda, ambayo ni kama dakika 53 kwa mwaka. Kama kwenu hiyo mvua ni mm 100 kwa saa (hiyo ni mvua ya kitropiki haswa, kama kwenu ni nyepesi shukuru na upige hesabu yako), basi kwa pendekezo la P.838 la ITU-R, shirika la kimataifa la mawasiliano ya redio, kila kilomita yenye mvua inakula kama dB 10.3 ukitumia polarisheni ya mlalo (wimbi linatikisika kwa kulala), na kama dB 7.8 ukitumia ya wima. Mvua kali namna hiyo haifuniki km 14 zote kwa pamoja, inakuja kama pazia, ukipunguza kwa ile hesabu ya zamani iliyozoeleka ya ITU-R P.530 unabaki na kama km 5 za kuhesabia (toleo jipya linakupa zaidi, lipige kabla hujanunua). Zidisha mwenyewe. Mlalo ni dB 51 na kitu, wima ni 39.

Umeona kilichotokea hapo? Tofauti ya mlalo na wima kwenye linki yako ni dB 12, sawasawa na kutoka 0.6 kwenda 1.2 pande zote mbili. Yani mtu mwenye madishi makubwa kwenye mlalo na mtu mwenye madishi madogo kwenye wima wote wawili wanakatika kwenye mvua ileile, mmoja ametumia pesa nyingi na mwingine amezungusha fidi, ule mdomo wa katikati ya sahani unaotoa mawimbi, digrii 90 tu. Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu yeyote kuhusu ukubwa, muulize mdhibiti kama wima ipo wazi kwenye njia yenu. Matone ya mvua kubwa yakianguka yanabonyea, yanakuwa mapana kama maandazi, ndio maana mlalo unaumia zaidi. Kwenye 6 au 7 GHz usingehangaika na haya, huko mvua hiyohiyo inakula dB moja mpaka moja na nusu hivi kwa kilomita, huko kinachosumbua ni mambo mengine ya hewa na mwakisiko wa maji.

Haya, sasa mgongo.

Dishi halipeleki mawimbi mbele tu. Mengine yanavuja pembeni, tunaita lobu za pembeni, mengine yanapinda kwenye ukingo wa sahani yanakwenda nyuma. Na linavyovuja kutoa ndivyo linavyovuja kupokea, kile linachokitupa nyuma ndicho linachokisikia nyuma. Mtengenezaji yeyote makini anatoa mchoro wa jinsi mawimbi yanavyopungua kila digrii kutoka katikati mpaka 180, na huo mchoro ndio unaopangiwa klasi. Nchi zinazofuata ETSI, shirika la viwango vya mawasiliano la Ulaya, zinatumia EN 302 217, klasi 1 mpaka 4, klasi 1 ndio legevu na 4 ndio kali. Marekani FCC, mdhibiti wa huko, wao wanasema kategoria A na B, A ndio nzuri zaidi. Mdhibiti wenu anataka kujua klasi kwa sababu kabla ya kukupa chaneli anapiga hesabu ya nani atakusikia na wewe utamsikia nani, na hiyo hesabu bila mchoro wa antena haifanyiki. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "dishi ni dishi tu", mwombe namba kamili ya modeli pamoja na mchoro wake. Akikosa, tafuta muuzaji mwingine, sio utani.

Kwa macho unaweza kukisia. Dishi la wazi, sahani tupu na fidi imesimama katikati kama kijiko kwenye bakuli, hilo kwa kawaida mgongo wake uko dB 40 na kitu chini ya mbele. Lile lenye pipa la chuma kuzunguka sahani, ndani ya pipa kumebandikwa sponji nyeusi ya kumeza mawimbi, na mdomoni limewambwa kitambaa kama ngoma, hilo mgongo wake unafika dB 60 na zaidi. Kipenyo kimoja, geini karibu ileile, ila hivyo ni viumbe tofauti kabisa. Hicho kitambaa usikitoboe wala usikitoe, kinazuia maji na ndege na kinapunguza upepo, nimewahi kukuta fundi amekitoa eti kinazuia mawimbi.

Mimi mwenyewe hili limenifundisha kwa aibu. Kulikuwa na linki, dishi moja lenye pipa likapigwa na bati lililong'oka likapinda, stoo tulikuwa na la wazi la kipenyo kilekile, nikaangalia geini nikaona tofauti haifiki hata dB moja, nikalifunga. Kiwango cha kupokea kikarudi -42 kama zamani, nikashuka mnara nimeridhika kabisa. Miezi miwili ya ukame hakuna tatizo. Mvua za kwanza tu, tena manyunyu, modulesheni inaporomoka, mvua ya kawaida linki inakata. Tukabadilisha redio. Tukabadilisha kebo. Tukalenga upya. Mwisho mzee mmoja tuliyekuwa naye kazini akasema zimeni transimita ya upande wa pili alafu muangalie huku mnapokea nini. Tukazima. Redio ilitakiwa ionyeshe kimya, ikaonyesha -80. Nyuma yetu kulikuwa na kituo cha watu wengine kwenye chaneli ileile, na dishi lenye pipa lilikuwa halimsikii ila hili la wazi lilikuwa linamsikia vizuri tu.

Angalia hesabu yake maana ndio roho ya mambo yote haya. Siku ya jua sisi tulikuwa -42 na yule -80, tofauti dB 38, redio haijali. Ikinyesha upande wetu, sisi tunashuka dB 20 tunafika -62, ila yule mvua haimnyeshei, njia yake iko upande mwingine kabisa, anabaki palepale -80. Tofauti inakuwa 18 na modulesheni ya juu haiwezi kuishi hapo. Kwa maneno mengine zile dB zako zote za akiba ulizonunua kwa dishi na redio zinaliwa na mgongo, akiba ya kweli haikuwa kutoka -42 mpaka -85, ilikuwa inaishia kwa yule jirani. Tulivyorudisha lenye pipa ikaisha siku hiyohiyo. Na jaribio hilo la kuzima upande wa pili na kusikiliza, lifanye siku ya kwanza kabisa kabla hujakabidhi kazi, linachukua dakika mbili.

Kwa hiyo kwako mimi ningejaza klasi 3 na ningenunua klasi 3 kweli. Klasi 4 ni nzuri zaidi ila ni nzito na ghali, ina maana pale ambapo minara imebanana na njia zinapishana kwa pembe ndogo. Na kumbuka leseni inaandikwa kwa modeli ya antena, kimo chake, mwelekeo na polarisheni, ukija kubadilisha dishi baadae kama nilivyofanya mimi pale juu, umebadilisha leseni bila kumwambia aliyeitoa. Kitu kingine, dishi kubwa linaongeza nguvu inayotoka mbele, dBm 18 kwenye geini ya 44.5 ni 62.5, kama leseni imeweka kikomo inabidi ushushe transimita, na hapo unabaki na faida ya kupokea tu.

Sasa mlingoti wa paani, maana hapa ndipo ushauri wa jamaa yako unapovunjika. Dishi la 1.2 halina ukubwa mara mbili ya 0.6, lina eneo mara nne. Upepo wa km 200 kwa saa, ambao ndio watengenezaji wengi wanapimia dishi lising'oke, unalisukuma la 1.2 kwa nguvu ya kama kilo 250 mpaka 300. Mlingoti wa paani ulifungwa ukiwa umehesabiwa hilo? Mara nyingi haukuhesabiwa kitu, fundi wa kuchomelea alipima kwa jicho.

Na hata usipoanguka, unajipinda. Bimu ya dishi, yani ule mwale wake wa mbele, ukitaka upana wake zidisha GHz mara kipenyo alafu gawanya 21 kwa jibu hilo. La 0.6 kwa 18 GHz ni karibu digrii 2, la 1.2 ni kama digrii 1. Chukua mlingoti umejipinda digrii moja kwenye upepo: la 0.6 linapoteza kama dB 3, hata hutaona. La 1.2 linapoteza kama 12. Toa hizo 12 kwenye zile 6 ulizoongeza, yani kwenye mlingoti mlegevu dishi kubwa linapokea vibaya kuliko dogo, na linafanya hivyo siku ya dhoruba ambayo ndio siku unayolihitaji. Wanaofunga madishi ya bendi ya 80 GHz wanalijua hili vizuri, huko hata dishi la 0.6 bimu yake haifiki nusu digrii, mnara ukipata jua upande mmoja chuma kikatanuka unaanza kuliona kwenye grafu.

Basi mimi kwako ningefunga 1.2 kwenye mnara na 0.6 kwenye paa, zote klasi 3, wima. Watu wanadhani lazima madishi yafanane, hapana, hakuna sheria hiyo ya fizikia, geini zinajumlishwa tu na faida unaipata kwa kwenda na kwa kurudi. Unapokea kama -41, akiba 44, mvua yetu ya mm 100 kwa hesabu ile ya km 5 inataka 39, unabaki na chenji ya dB 5 na mlingoti wako haujauawa. Kama mlingoti unaweza kuimarishwa kwa nguzo za ulalo tatu zikakaza kweli, weka 0.9 pale, inakupa geini kama 42, ni kati kwa kati. Na kama mdhibiti hana wima kabisa, hapo hata 1.2 mbili hazikuokoi kwenye hiyo mvua, bora uombe masafa ya chini au utafute saiti ya katikati kuliko kununua sahani kubwa zaidi.

Kimo sitakaa nacho sana. Katikati ya njia yako ile duara ya Fresnel, yani nafasi inayouzunguka mstari wa linki ambayo mawimbi yanaihitaji, ina nusu kipenyo ya kama m 7.6, unataka asilimia 60 iwe wazi ambayo ni m 4.6, ongeza kama m 3 ya mviringo wa dunia, kwa hiyo miti na majengo ya katikati yawe chini ya mstari kwa m 7.5 na uache na ya miti kukua. Ukishapata hiyo usipande juu zaidi kwa sifa. Dishi lililo juu bila sababu linasikia watu wengi zaidi, na mnara unabeba upepo zaidi.

Wakati wa kuagiza hakikisha shingo ya dishi, pale redio inapofungwa, inaingiliana na redio yako moja kwa moja, maana kila mtengenezaji ana shingo yake, na ukikosea utaishia kuunga kipande cha wevugaidi nyumbufu (bomba la kupitishia mawimbi) kinachokula dB na kinachopitisha maji baada ya mwaka. Kama baadae mtataka redio mbili kwenye dishi moja sema mapema, kapla ya kugawa sawa inakula zaidi ya dB 3 kila upande, na hizo ni zaidi ya nusu ya ile faida ya kutoka 0.6 kwenda 1.2.

Kulenga ndio mwisho na ndipo kazi nzuri inaharibikia. Fundi yuko juu, mita imechomekwa kwenye redio, anazungusha nati ya mwelekeo taratibu, volti inayoonyesha redio inapokea kiasi gani inapanda, inapanda, inaanza kushuka, anarudisha kidogo anakaza, "tayari bosi". Huyo anaweza kuwa amekaza kwenye lobu ya pembeni. Kilele kidogo nacho ni kilele, mita haijui tofauti. Dawa yake ni kuzungusha mpaka upite chini kabisa na kuona kuna nini ng'ambo, utaona volti inashuka karibu ipotee alafu inapanda tena, pengine juu kuliko ile ya kwanza, kwa dishi la 0.6 lenu hiyo safari ni kama digrii 3 tu. Fanya hivyo kwa mwelekeo na fanya hivyo kwa kuinamisha juu na chini, upande mmoja kwanza ukamilike ndio uende upande wa pili, wasizungushe wote kwa pamoja.

Mafundi wakiwa bado juu, wewe chini shika karatasi yako. Ulihesabu -41. Ukisoma -42 au -43 waambie wakaze nati zote na washuke. Ukisoma -62 mmoja wao amekaa kwenye lobu ya pembeni. Ukisoma kama -70 fidi moja imefungwa wima na nyingine mlalo, na hapo hata wazungushe dishi mpaka giza liingie haitapanda, atoe skrubu za fidi aigeuze digrii 90.